Nilisinzia Dukani na Helmeti Kichwani

Mama mjamzito alikuwa amelala chali kitandani, tumbo wazi, na mimi nimeinama juu yake, sikio langu likiwa kwenye ile pembe fupi tunayosikilizia mapigo ya moyo wa mtoto. Nilisikia upepo. Madirisha ya zahanati yalikuwa yamefungwa, na nje hata majani ya mgomba yalikuwa yametulia. Upepo ule nilikuja nao kichwani kutoka barabarani.

Nilihamishia pembe upande wa pili wa tumbo. Nikafumba macho, nikazuia pumzi. Ulikuwa mngurumo uleule, na chini yake kulikuwa na filimbi nyembamba isiyokatika. Nilipofumbua macho nilikuta mama yule ananitazama. Wanawake wanaolala kwenye kitanda kile huwa hawatazami dari. Wanatazama uso wa nesi.

"Nesi, vipi? Yupo?"

"Subiri kidogo, mama."

Tulikuwa na kimashine kidogo cha betri cha kazi hiyo, lakini kilikuwa kimepelekwa mjini kutengenezwa. Nikamwita nesi mwenzangu, binti aliyeajiriwa juzijuzi, anayetembea haraka na kucheka haraka. Akachukua pembe, akainama. Haikupita muda akaanza kugongagonga kidole kwenye shuka, haraka haraka, ili mimi na yule mama tujue anachokisikia.

"Yupo, tena anakimbia," akasema.

Mama yule akashusha pumzi. Mimi nikatoka nje kana kwamba nimekumbuka jambo. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa barazani. Kazi hii nimeifanya tangu nikiwa msichana, na siku zote nilijua kwamba macho yangu ni mabovu, kwa hiyo navaa miwani. Masikio sikuwahi kuyafikiria.

Mimi ni muuguzi mkunga. Zahanati yetu iko upande wa Sengerema, si mbali na Busisi, na nyumba yangu iko Mabatini, Mwanza mjini. Kwa miaka mingi nilikuwa navuka Jumatatu asubuhi na kurudi Ijumaa jioni. Siku za katikati nililala kwenye nyumba ya watumishi, chumba na sebule, nyuma ya zahanati. Nilikuwa navuka na pikipiki yangu kwenye kivuko. Foleni ya kivuko ilikuwa ndefu na watu waliitukana, lakini sasa naweza kusema kwamba mle ndimo nilimokuwa napumzika. Unazima pikipiki, unavua helmeti, unanunua mayai ya kuchemsha, unasimama. Hakuna anayeweza kukuuliza kwa nini umesimama.

Daraja la kuvuka ziwa lilipofunguliwa nilishangilia kama wengine. Nimewahi kukaa ndani ya gari la wagonjwa pale Busisi na mama anayevuja damu, kivuko tunakiona kule ng'ambo, hakisogei. Kwa hiyo sina neno baya la kusema juu ya daraja. Ila haikuchukua muda mrefu, mganga mfawidhi wetu akaniita ofisini. Alikuwa mpole, alinivutia kiti mwenyewe.

"Mama, sasa si unaweza kwenda na kurudi? Daraja lipo."

Tabibu mpya alikuwa amepangiwa kwetu, ana mke na mtoto mchanga, na walikuwa wanalala kwenye chumba cha kupanga kijijini chenye paa linalovuja. Nikakubali kuwaachia nyumba. Nani angekataa? Nikafunga virago vyangu nyuma ya pikipiki, na kuanzia wiki ile nikawa mtu wa barabarani. Asubuhi Mkuyuni, Nyegezi, Usagara, Kigongo, daraja. Jioni ni hivyohivyo kwa kurudi nyuma. Pikipiki niliizoea zamani, tangu enzi za kwenda vijijini kuchanja watoto. Lakini njia za vijijini ni za mwendo wa pole, unakwepa mashimo na ng'ombe. Lami ni jambo jingine. Na pale juu ya daraja hakuna nyumba wala mti wa kuuzuia upepo wa ziwa, unakuja kwa ubavu na kukupiga kichwani moja kwa moja.

Helmeti yangu ilikuja pamoja na pikipiki siku ilipotolewa dukani, na sikumbuki kama kuna mtu aliyeniuliza ukubwa wa kichwa changu. Ilikuwa inacheza pembeni na kubana mbele. Mikono ya miwani ilikuwa inakandamizwa kwenye mishipa ya kichwa. Kioo chake kilikuwa kimelegea, kinapiga kelele kama bati. Nikigeuza kichwa kutazama lori linalokuja nyuma, upepo unaingia chini, unainyanyua, na mkanda unanikaba koo. Nikifika kazini nilikuwa na alama nyekundu kwenye paji la uso, na wagonjwa walikuwa wananipa pole.

Nyumbani ndiko mambo yalikoharibika kwanza, kabla ya zahanati.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mstaafu. Watoto wetu wamekwenda kwao. Kutwa nzima anakuwa peke yake na redio na majirani, na mimi ninapoingia jioni anakuwa na habari za siku nzima. Maji yalikatika saa ngapi, nani kagombana na nani pale dukani, mtoto wetu wa pili kapiga simu kasema nini. Zamani nilipokuwa narudi Ijumaa nilizipenda habari zile. Nilikuwa nazisikiliza nikimenya ndizi. Sasa kila jioni nilikuwa nakaa kwenye kigoda cha jikoni, kichwa kinanguruma, naona mdomo wake unakwenda.

"Nini?" namuuliza.

Anarudia.

"Nini?"

Anarudia kwa sauti ya darasani, na ile sauti inanipasua kichwa. Nikaanza kumwomba azime redio. Akazima. Kisha nikaanza kumwomba anyamaze kidogo. Akanyamaza. Alinyamaza jioni ile, na jioni iliyofuata, na nyingine. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilishukuru tu, sikujiuliza.

Jioni ya siku ile niliyoshindwa kusikia mapigo, alikuja akasimama mlangoni mwa jiko, taulo begani.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mbona hutaki kuzungumza na mimi? Kama ni kwa sababu nimestaafu na nakaa tu nyumbani, sema."

Nikamtazama. Ana mvi nyingi kuliko nilivyokuwa nazikumbuka. Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu pembe, mama mjamzito, na yule binti anayegonga kidole kwenye shuka. Nikamwambia kwamba akizungumza simsikii, na nikimsikia naumia. Nikasema ni ile helmeti. Nilipomaliza nilikuwa nalia, si kwa huzuni hasa, ni uchovu tu unatafuta pa kutokea.

Alikwenda sebuleni, akarudi na helmeti ameivaa. Akawasha feni ya mezani mpaka mwisho, akasimama mbele yake, akawa anageuza kichwa kushoto na kulia, polepole, kwa makini, kama anayenyolewa ndevu. Nikaanza kucheka huku machozi bado yapo.

"Inapiga mluzi," akasema kutoka ndani. "Haya matundu ya juu. Halafu inacheza. Mtu mwenye akili timamu anawezaje kuvaa kitu hiki?"

"Kila siku," nikamjibu.

Wiki hiyo nilijaribu tiba za bure. Nikaziba masikio kwa pamba; sauti ilipungua, lakini helmeti iliikandamiza ile pamba mpaka masikio yakauma kwa ndani. Nikafunga kitambaa kichwani ili helmeti isicheze. Paji la uso likazidi kubanwa. Bodaboda wa kijiweni kwetu, ambaye ananiita mama mkubwa, akanivalisha ya kwake, ile isiyofunika uso.

"Hii elementi ina hewa, mama mkubwa. Hutasikia joto."

Kweli sikusikia joto. Wala sikusikia kitu kingine chochote zaidi ya upepo, na wadudu wa ziwani wakaniingia mdomoni. Nikamrudishia.

Jumamosi mume wangu akavaa shati lake la kanisani na kusema twende mjini. Tulianzia kwa wauzaji wa pembezoni mwa barabara, wale wanaozitundika helmeti kwenye kamba. Kijana mmoja alinivalisha iliyoniganda hata masikio yakakunjika.

"Hiyo ndiyo saizi yako, mama. Itapanuka."

Mwingine akanivalisha iliyokuwa inazunguka peke yake, akasema hiyo ndiyo saizi yangu, nitaizoea. Jua lilikuwa kali. Nilitaka kurudi nyumbani nikalale. Mume wangu akasema tujaribu duka moja tu, halafu basi.

Lilikuwa duka la vipuri vya pikipiki la familia moja ya Kihindi, la zamani, lenye kaunta ya mbao na picha ya miungu yao yenye taji la maua juu ya mlango wa stoo. Mwenye duka alikuwa mama mwenye umri wa kumpita mume wangu, mnene, amevaa sari ya bluu na kandambili, amekaa karibu na feni. Nilikuja kujua baadaye kwamba amezaliwa hapahapa Mwanza, na mume wake marehemu vilevile.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba. Karibuni. Nani anaendesha?"

Mume wangu akaninyooshea kidole. Yule mama akanitazama upya.

"Wapi na wapi?"

"Mabatini mpaka ng'ambo ya Busisi. Kila siku, kwenda na kurudi."

"Daraja lote lile? Na pikipiki?" Akatikisa kichwa. "Vua kitambaa, mama. Nione."

Nikavua. Akashuka kwenye kiti chake, akanizunguka, akaniangalia kichwa kwa juu kama anachagua papai sokoni.

"Kichwa chako kirefu, mbele na nyuma. Hizi nyingi zinazoletwa ni za kichwa cha mviringo. Ndiyo maana paji linakuuma na pembeni kunacheza. Hizo nywele unasuka hivyo siku zote?"

"Twende kilioni, siku zote. Mtindo mwingine haukai chini ya helmeti."

"Haya. Tupime na hizohizo. Usije ukasuka rasta halafu ukaniletea malalamiko."

Ya kwanza niliyovaa niliipenda, ilikuwa nyepesi na laini. Nikasema hii. Mume wangu akatia mkono mfukoni. Yule mama akakataa.

"Dukani kila helmeti ni nzuri. Kaa nayo kwanza." Akavuta kiti cha plastiki, akakiweka karibu na tairi zilizopangwa ukutani. "Kaa hapo."

Nikakaa. Sikukaa sana, nikaanza kusikia kama kidole kinanibonyeza juu ya nyusi, palepale pa siku zote. Nikaivua, na mume wangu akasema alama imeshatokea. Ya pili ilinibana sikio la kushoto na hereni yake. Yule mama akawa ananieleza huku anafungua maboksi: sponji za mashavuni zinibane, nijisikie kama mtoto anayefinywa mashavu na shangazi, lakini kwenye paji la uso nisisikie kitu. Nikitikisa kichwa, ngozi ya uso itembee pamoja na helmeti. Kioo kifunge vizuri kwenye mpira wake. Na chini ya kidevu na shingoni pawe pamefungwa, kwa sababu watu wengi wanadhani upepo unaingia mbele kumbe unaingia chini. Miwani aliniambia niivae mwisho, baada ya helmeti, niipitishe kwenye nafasi yake. Miaka yote nilikuwa naivaa kwanza.

Ya tatu ilikuwa nyeusi tupu, haina mchoro hata mmoja.

"Kama askari," mume wangu akasema.

Nikaivaa, nikaipitisha miwani, nikashusha kioo, nikarudi kwenye kiti changu karibu na tairi. Mtaa ukaondoka. Sijui niseme vipi. Bajaji zilikuwa zinapita mlangoni, muziki wa duka la simu la jirani ulikuwa unapiga, na mtu alikuwa anagonga chuma mahali. Vyote vilikwenda mbali. Nilimwona mume wangu ameegemea kaunta, anazungumza na mwenye duka, mikono inapanda na kushuka kama anapofundisha. Nilijua anamweleza habari za maji ya Mabatini. Sikusikia hata neno, na hakuna aliyekuwa anategemea nijibu. Niliegemeza kichwa kwenye tairi.

Yaliyofuata nilisimuliwa.

Walisema nililala mara moja, mikono mapajani. Mwenye duka alidhani najaribu tu, mpaka alipoona kifua kinapanda na kushuka taratibu. Mume wangu alitaka kuniamsha kwa aibu. Yule mama akamkataza, akageuza feni ielekee kwangu. Wateja wakawa wanaingia na kutoka. Akaja mzee mmoja mkulima kutoka Misungwi, anatafuta mnyororo wa pikipiki ya mwanawe. Akanisalimia kwa heshima, maana aliona miguu ya mtu mzima na viatu vya nesi. Sikuitika. Akasalimia tena. Kisha akamgeukia mwenye duka na kumuuliza kwa Kisukuma kama kile ni kitu cha kuuza au ni mtu. Yule mama akamjibu kwa Kisukuma safi, kuliko hata cha kwangu, kwamba ni mtu na amechoka. Mzee akasema pole, akalipia mnyororo wake kwa sauti ya chini, akatoka kwa kunyata. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nilipoamka, jua lililokuwa kizingitini lilikuwa limeondoka. Udenda ulikuwa umenitoka. Nikainua kioo.

"Nimelala?"

"Umelala," mwenye duka akasema. "Paji linauma?"

Nikavua, nikajipapasa. Haliumi. Akainama, akanitazama usoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Basi ni hiyo. Usinunue nyingine."

Nilimsikia mume wangu akimwambia, taratibu, "Huyu hajalala mchana tangu nyumba ya kazini itwaliwe." Bei haikuwa ya kitoto. Alilipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, hata alipokuwa ananunua suti ya harusi yetu.

Ningependa kusema kwamba Jumatatu yake mambo yakawa shwari. Mpaka Nyegezi yalikuwa shwari kweli. Niliisikia injini yangu kwa mbali, kama ya mtu mwingine. Baada ya Usagara, lami ilipofunguka nikaongeza mwendo, mngurumo ukaanza. Kigongo ukawa mkubwa. Darajani ulikuwa uleule wa zamani, kichwa kizima kinatikisika. Niliendesha huku nimeuma meno. Nilifika kazini na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani. Wagonjwa waliponisalimia niliwaitikia kwa mkato.

Jioni nikamwambia mume wangu. Akakunja uso.

"Irudishe. Nitakwenda mimi mwenyewe nikamwambie yule mama."

"Siirudishi. Haiumi popote. Ni kelele tu."

"Tulichofuata ni nini kama si kelele?"

Nikala, nikalala.

Siku iliyofuata, njiani kurudi, nilikuwa katikati ya daraja nyuma ya lori la pamba. Mgongo uliniuma, nikajiinua kidogo kutoka kwenye kiti, nimesimamia vikanyagio, ili ninyooshe kiuno. Kelele ikashuka. Nilidhani lori limeukinga upepo. Nikakaa, kelele ikarudi. Nikajiinua tena, ikashuka, ikabaki sauti laini kama ya mtu anayefagia chumba cha pili. Nikakaa. Nikajiinua. Gari la nyuma likanipigia honi, bila shaka dereva alishangaa mwanamke mtu mzima anaruka-ruka juu ya pikipiki darajani. Lori lilipochepuka kule Kigongo nikajaribu tena peke yangu, na matokeo yakawa yaleyale.

Mbele ya pikipiki yangu kulikuwa na kioo cha plastiki. Nilikifungisha kwa fundi wiki ile nilipoanza kwenda na kurudi, kinikinge na mvua na wadudu. Kilikuwa kifupi. Upepo ulikuwa unakigonga, unapanda juu yake na kuja kutua kichwani kwangu wote kwa pamoja. Nikiinuka, kichwa kinautoka ule mkondo na kukutana na upepo mtulivu. Miezi yote ile nilikuwa naulaani upepo wa ziwa, na nusu yake nilikuwa nimeufunga mwenyewe kwa bolti.

Mume wangu akakifungua jioni ileile kwa spana aliyoazima kwa jirani, akakitupa nyuma ya choo. Kesho yake upepo ulinipiga kifuani, baridi, na ilibidi nifunge koti mpaka juu. Lakini kichwani palitulia.

"Imenyamaza?" akaniuliza niliporudi. Alikuwa amesimama getini kunisubiri.

"Haijanyamaza. Imepunguza sauti."

Akaridhika na hilo.

Filimbi haikuondoka. Ilibaki hata Jumapili, hata nilipokaa siku nzima bila kugusa pikipiki. Mwishowe nikaenda hospitali mjini, kwa daktari wa masikio, dada mdogo mwenye sauti ya upole ambayo nilifurahi kwamba naisikia. Akanifungia kwenye chumba kidogo, nikavaa spika za masikioni, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Upande wa kulia nilibonyeza na kubonyeza. Upande wa kushoto nilikaa, nikasubiri, nikadhani amekwenda kunywa chai.

"Sauti za juu za sikio la kushoto zimeondoka, mama," akaniambia. "Hazitarudi. Hizi zilizobaki ndizo tuzilinde."

Nikamuuliza kama ni helmeti. Akasema inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa umri, inaweza kuwa vyote. Akanipa viziba masikio vya sponji laini, akanionyesha namna ya kuvisokota kati ya vidole na kuviingiza, vikajaza tundu la sikio polepole. Akasema nivivae hata ndani ya helmeti nzuri, na kwamba honi nitazisikia tu. Nilivijaribu. Honi nazisikia. Injini naisikia. Ile sauti ya kufagia chumba cha pili haipo tena.

Nilimweleza mganga mfawidhi, nikiwa nimejiandaa kwa aibu. Hakuniaibisha. Tulikubaliana kwamba asubuhi nianze na chanjo na kupima uzito wa watoto, na akina mama wajawazito awaone yule binti kwanza. Mimi naingia baadaye, masikio yakiwa yametulia. Nasikiliza kwa sikio la kulia. Inanibidi nizunguke kitanda, nisimame upande ambao sikuuzoea, na mgongo haukupenda mwanzoni. Kimashine cha betri kilirudi, kikaharibika tena, kikarudi.

Nimeandika barua ya kuomba uhamisho upande huu wa mjini. Nimejibiwa nisubiri, na ninasubiri. Helmeti haikufupisha barabara. Bado naondoka giza halijaisha vizuri, bado narudi magoti yamekakamaa, na kuna jioni ambazo nakaa juu ya pikipiki pale uani, injini imezimwa, kwa sababu kushuka ni kazi. Tofauti ni kwamba nikishuka naweza kukaa na mtu. Mume wangu ananipa maji, ananiacha ninywe. Kisha anaanza. Kuna siku anasahau kuniacha ninywe kwanza, anaanza nikiwa bado getini, na mimi namwacha.

Jumamosi nafua. Sponji za ile helmeti zinachomoka zote, ya juu ya kichwa na zile mbili nene za mashavuni, nazifua kwenye beseni kwa sabuni ya unga kidogo, nazikamua bila kuzinyonga, nazianika kambani kivulini kati ya shuka na sare zangu za kazi. Juzi jirani yangu mpya, ambaye bado tunazoeana, alisimama kwenye ua wake akaziangalia muda mrefu.

"Dada, samahani, hivyo ni nini?"

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha, chai pembeni. Nilifikiria kumweleza. Ilikuwa habari ndefu.

"Ni mashavu," nikamwambia.

Akasema ahaa, akaendelea kufagia. Mimi nikanywa chai yangu, nikaegemea ukuta, nikasubiri zikauke.